Jino la Fisi, Ukurasa wa Thelathini na Moja

Utemini, Singida. Jumamosi, 27 Novemba 1954

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu wa mji huu. Leo nimeligeuza, naanza kuandika kwa nyuma, maana kuna jambo limenijaa kifuani na Rahabu mke wangu keshasema hataki kulisikia mara ya tatu.

Kitabu cha Mughwai kimefika. Kimekuja na lori la barua kutoka Itigi, nakala mia mbili, jalada la bluu, kurasa arobaini na nne: Maisha ya Isaka Mughwai, Mchezaji Mpira wa Singida. Mwandishi ni Mwalimu Paskali, mtu wa Bukoba anayefundisha shule hapa. Amehangaika nacho miaka miwili, na baiskeli yake imefika vijiji ambavyo hata karani wa kodi havijui.

Saa nne asubuhi baraza ninaposhonea, mbele ya duka la Kasamali, lilikuwa halina pa kuweka mguu. Wengi hawajui kusoma na mimi nina sauti. Nikaacha cherehani, nikasoma.

Mughwai alicheza winga ya kushoto kuanzia 1932 mpaka vita. Goli lake la 1937, Kombe la Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, tulipocheza na timu ya mgodi wa Sekenke, kila mtu wa umri wangu analo kichwani: mguu wa kushoto, karibu na katikati ya kiwanja, goti limefungwa bendeji. Siku hizi analima uwele, ni mzee wa kanisa, na akihubiri juu ya hirizi watu huanza kujipapasa shingoni. Pia ni mtoto wa shangazi yangu, yaani ni mtani wangu. Tangu tuna akili hatujawahi kuambiana neno la maana.

Nilisoma vizuri mpaka ukurasa wa thelathini na moja. Imeandikwa: "Ndugu yake wa karibu, mtu wa kuaminika, amemhakikishia mwandishi kwamba ndani ya bendeji ile mlikuwa na jino la fisi, alilopewa na mganga wa msitu wa Mgori."

Mtu huyo wa kuaminika ni mimi.

Sasa mtu akija na kalamu, akaniita bwana, akaniuliza siri ya goti la mtani wangu, nitamjibu nini? Kwanza nilimwambia mwalimu kwamba Mughwai alinyonya punda mpaka umri wa miaka saba. Hilo hakuandika. Nikasema jino la fisi. Hilo akaandika. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia nimelishika kwa mkono huu. Nilidhani anajua sisi ni nini. Ukweli ni kwamba goti lilikuwa limeteguka, na ndani ya bendeji mlikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nilichokishona mimi mwenyewe kwa sindano ya magunia.

Niliposoma lile neno watu walipiga kelele za furaha mpaka Kasamali akatoka kuangalia nani kafa.

Jumanne, 30 Novemba

Mughwai amepita.

"Mwizi wa vitambaa, bado hujafungwa?"

"Goti bovu, bado hujazikwa?"

Akakaa kwenye gunia. "Nasikia kuna jino."

"Lipo."

"Halijambo?"

"Linatafuna tu."

Akacheka, nami nikacheka. Nilitaka kumuuliza kama ameudhika, lakini mtani hamuulizi mwenzake hivyo. Kicheko chake kilikuwa kifupi kidogo kuliko kawaida. Au ni mimi tu.

Ijumaa, 3 Desemba

Mvua ya kwanza. Watu wote shambani. Nimeshona kaptula moja.

Alhamisi, 9 Desemba

Kitabu hiki kinanishangaza. Ni kile kile, lakini kila mtu anasikia chake. Bwana mmoja anakuja kila siku kwa ajili ya ukurasa wa kumi na mbili tu, kwa sababu marehemu kaka yake ametajwa pale kwamba alibeba mpira kutoka Manyoni. Namsomea mistari minne, anashukuru, anaondoka. Mzee wa Mgori ametembea kutwa nzima kuja kuona kama jina lake limo, maana mwaka 1935 alimpa Mughwai maji ya kunywa. Halimo. Amesema basi kitabu chote ni uongo, mwanzo mpaka mwisho.

Stumai muuza karanga, ambaye hajui hata a, amenunua nakala na anaiweka kwenye ungo chini ya karanga. Nimemuuliza ya nini.

"Nilikuwepo uwanjani na mimba ya mwanangu wa kwanza," kasema. "Goli lilipoingia mtoto aliruka. Sasa mtu akibisha nitamwonyesha kitabu."

"Kitabu hakikutaji wewe."

"Kinalitaja goli. Mimi na goli tulikuwa pamoja."

Ninapenda kuwasikiliza. Nimeanza kuwauliza wote swali moja: ukurasa upi umekupendeza? Katika kila kumi, saba hujibu jino.

Jumatatu, 20 Desemba

Vijana wa timu ya mjini wamekuja kushonewa mifuko midogo ya kuingia ndani ya soksi. Nimewauliza ya nini. Wakanionyesha meno matatu. Mawili ni ya mbwa. Nimekataa kazi hiyo, na sijawaambia sababu.

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua tangu alfajiri. Mughwai alisoma somo la kwanza. Kwenye mabenchi ya nyuma wawili walikuwa wanamtazama goti.

Alhamisi, 13 Januari 1955

Leo amekuja mtu kutoka Sekenke, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, lori lilikwama mara mbili. Mrefu, mikono kama sepeto. Akajitambulisha: Ezekieli, aliyekuwa golikipa wa Sekenke siku ile ya 1937.

Nilimpa kigoda. Sijawahi kufikiria kwamba goli lile lilikuwa na mtu upande wa pili.

"Wewe ndiye unayesoma kitabu," akasema. "Nisomee lile la jino. Kwetu wamenisimulia tu."

Nikamsomea. Akaomba tena. Nikarudia. Akafuta uso kwa kofia.

"Ndugu yangu, miaka kumi na saba watu wananiita Mlango. Wanangu wanaitwa watoto wa Mlango. Mpira ulitoka mbali vile, nikauona wote, ukapita. Nimeufikiria mpaka nimechoka. Kumbe nilikuwa napambana na fisi." Akacheka kama mtu aliyetua mzigo. "Nimekuja kumshika mkono Mughwai. Sina kinyongo tena."

Nilikuwa na sindano mkononi na neno mdomoni. Nikameza neno. Nilijiambia kwamba uongo uliomponya mtu si mbaya sana. Ezekieli alikwenda kwa Mughwai akapokewa vizuri, akalishwa, akalala huko. Sijui walizungumza nini na natamani sana kujua.

Jumapili, 30 Januari

Baada ya ibada Stefano, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amenunua kitabu. Alinunua bila kutabasamu.

Jumatano, 9 Februari

Mvua imekata. Wiki mbili sasa ni jua na upepo tu. Uwele unajikunja. Mtu mmoja sokoni kasema mvua imezuiwa na dhambi za wazee wa kanisa. Watu wamecheka, lakini hakuna aliyemkemea.

Jumamosi, 19 Februari

Sasa si mchezo tena.

Esta, binti wa Mughwai, anaolewa Jumamosi ya baada ya Pasaka. Mchumba wake ni wa Iramba, mtoto wa mwinjilisti anayeitwa Nathanaeli. Mwinjilisti huyo ameandika barua: amesoma ukurasa wa thelathini na moja, na hawezi kuunganisha nyumba yake na nyumba ya hirizi. Kama Mughwai ni safi, kanisa lake limsafishe. La sivyo posa irudi.

Stefano naye kasema kanisa haliwezi kukaa kimya. Mzee aliyepigana na hirizi ilhali goli lake mwenyewe ni la hirizi, huyo ataondolewa uzee na kutengwa na meza ya Bwana. Mzazi aliyetengwa hasimami madhabahuni na mwanawe.

Esta alikuja kupima gauni leo. Nilimpima mabega mara mbili. Akasema, "Mjomba, nishone au nisubiri?"

Nikamwambia, nashona.

Jumapili, 20 Februari

Nimekwenda kwa Mughwai kumwambia anitaje kwa wazee. Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe.

"Waambie ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini, mwizi wa vitambaa?"

"Isaka, sitanii."

Akainua uso, akanitazama kama mtu aliyesikia punda anasali. "Utani haushtakiwi," akasema, akaendelea na mpini.

Hakuna aliyetufundisha sheria hiyo, tumezaliwa nayo. Mtani akikutukana mbele za watu, akikuita mchawi msibani kwako, unacheka, na kama huwezi kucheka unanyamaza. Ukimshitaki umejivua undugu. Nilidhani Mughwai anaona jambo hili ni dogo. Leo nimeona kumbe ananilinda mimi, na bei yake ni harusi ya mtoto wake. Nimeona aibu, na aibu hiyo haijaniacha tangu nitoke kwake.

Ijumaa, 4 Machi

Mvua imerudi. Kubwa.

Jumamosi, 12 Machi

Kikao cha wazee, chumba cha shule ya kanisa. Niliomba kusema na nimeruhusiwa. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Walikuwepo Stefano na wazee wanne, Mughwai kwenye benchi peke yake, na Mwalimu Paskali aliyeitwa na kitabu chake. Mvua ilipiga bati mpaka tukakaa nusu saa nzima tukitazamana tu. Ilipopungua, Stefano akasoma ukurasa, kisha akauliza:

"Isaka, jino lilikuwepo?"

"Halikuwepo."

"Basi huyu ndugu wa kuaminika alisema kwa nini?"

Mughwai akanyamaza. Wakauliza tena, akanyamaza tena.

Nikasimama. Nikaweka mkono juu ya Biblia bila kuambiwa. Nikasema ndugu huyo ni mimi, Naftali, nilisema uongo, ndani ya bendeji mlikuwa na mpira wa baiskeli, nimeushona kwa mikono yangu, na Mungu ananisikia.

Kisha mzee mmoja akajipiga paja.

"Huyu Naftali! Hata mbele ya Biblia!"

Wote wakaangua kicheko. Nikaapa tena, wakacheka zaidi. Kadiri nilivyokasirika ndivyo nilivyowachekesha. Mpira wa baiskeli ndio uliowamaliza kabisa. Stefano alifuta machozi akasema, "Ndugu, asante kwa kutuchangamsha, lakini tuko kazini. Wewe ni mtani wake. Leo ukisema lilikuwepo, ni utani. Ukisema halikuwepo, ni utani. Kitabu kimepigwa chapa."

Ni Mwalimu Paskali peke yake ambaye hakucheka. Alinigeukia polepole. "Ninyi ni watani?"

"Mtoto wa shangazi yangu."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza, mwalimu. Nilidhani mtu hawezi kukaa hapa miaka minne asijue."

Akakishika kitabu chake kwa mikono miwili. Miaka miwili ya baiskeli. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Waliamua hivi: kama hadi Jumamosi ya tarehe pili Aprili hajatokea shahidi wa kuaminika, Mughwai anatengwa Jumapili ya Matawi. Alipotoka alinipita mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo, "Mpira wa baiskeli ulikuwa unawasha, fundi mbaya wewe." Hata hapo hakuvunja utani.

Jumatatu, 14 Machi

Nimekwenda kwa shangazi, mama yake Mughwai. Yuko shambani kwenye dungu anaamia ndege wasile uwele, anatupa mawe kwa kombeo, na umri wake hakuna anayeujua. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Kinywa cha mtani hakina ushahidi," akasema.

"Nitapata wapi kingine?"

"Unacho hicho hicho. Kisukutue."

Akanieleza. Maji ya kibuyu, mbele ya watu, mchana. Unasukutua, unatema chini mbele ya mtani wako, unasema utani basi. Naye anasukutua na kutema. Kuanzia hapo ninyi ni ndugu wa kawaida na neno lako juu yake ni neno. Hairudishwi. Babu yangu aliwahi kufanya hivyo mara moja kwa sababu ya kesi ya ng'ombe. Kesi alishinda.

"Halafu?"

Shangazi akatupa jiwe, ndege wakaruka. "Halafu hakuwa na mtu wa kumtukana mpaka anakufa."

Alhamisi, 17 Machi

Siku tatu sijashona mshono ulionyooka. Rahabu kaniuliza, "Watani wako wengine wapo wangapi?"

"Wapo. Lakini si kama huyu."

"Na Esta ana harusi ngapi?"

Akanisogezea ugali na mlenda, akaondoka.

Jumatatu, 21 Machi

Mwalimu Paskali amekuja na vikaratasi alivyoandika kwa mkono, mia mbili: "Habari ya jino si kweli." Anataka kuvibandika vitabuni kimoja kimoja. Wa kwanza alikuwa Stumai, naye alikikumbatia kitabu.

"Usinichafulie. Nimelipa kikiwa na jino."

"Lakini si kweli, mama."

"Kitabu cha kwanza kina jino, cha pili hakina. Nani kasema cha pili ndicho cha kweli?"

Mwalimu alitazama karatasi zake. Mpaka jioni alikuwa amebandika kumi na moja. Nilimsaidia kupika gundi ya unga, na tukiwa tunakoroga nikamwomba msamaha. Akasema jambo ambalo bado nalifikiria: katika watu tisini aliowauliza habari za Mughwai, mimi peke yangu niliongea bila kusitasita, ndiyo maana aliniamini.

Jumamosi, 26 Machi

Nimefanya.

Ilikuwa siku ya gulio, mbele ya baraza langu, saa tano. Nilimwita Stefano na wazee wake, nikamtuma Rahabu kumleta shangazi. Mughwai alikuja akijua. Habari ilikuwa imeshafika hadi Sekenke, maana Ezekieli alikuwa amesimama nyuma, kichwa juu ya vichwa vya wengine.

Mughwai alijaribu kunizuia. "Mwizi wa vitambaa, acha upuuzi, nenda kashone." Lakini sauti yake ilikuwa inaniomba. Kama ningengoja kidogo nisingeweza. Nikachukua kibuyu, nikasukutua, nikatema mbele ya miguu yake.

"Utani basi," nikasema.

Nikamnyoshea kibuyu. Mughwai alikaa na kibuyu muda mrefu. Kisha akasukutua, akatema, akasema maneno yale yale, na alipomaliza hakujua mikono yake aiweke wapi.

Nikamgeukia Stefano nikarudia niliyoyasema kikaoni, neno kwa neno: uongo wangu, goti lililoteguka, mpira wa baiskeli, sindano ya magunia. Hakuna aliyecheka, hata mmoja. Maneno yale yale! Stefano akavua kofia akasema, "Tumesikia." Wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya Esta.

Nilimtafuta Ezekieli. Alikuwa bado pale pale. Nikamwendea nikasema, "Ndugu yangu, nisamehe."

"Kwa hiyo ulikuwa mpira tu," akasema.

"Ulikuwa mpira tu. Lakini alipiga vizuri sana. Hakuna ambaye angeuzuia."

"Ungeniambia hivyo Januari," akasema, "ningekuamini." Akaondoka kwenda kwenye malori bila kuaga. Nilimwona mtoto mmoja akimfuata nyuma akiigiza kudaka, nikamtupia kandambili.

Jumapili, 3 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kanisani wamesoma kwamba Isaka Mughwai hana hatia. Alikaa kiti chake. Barua ya Nathanaeli imejibiwa kwa lori la leo.

Jumamosi, 9 Aprili

Gauni limekwisha. Vijana wa timu wamepita wakasema hawaamini, mimi nimehongwa na kanisa. Mmoja bado ana jino la mbwa kwenye soksi.

Jumamosi, 16 Aprili

Esta ameolewa. Baba yake alisimama naye madhabahuni, na gauni halikuvuta popote.

Kwetu harusini mtani wa baba wa bibi harusi ana kazi yake. Huziba mlango, hudai kuku mzima, humtangazia kila mgeni kwamba bibi harusi kamfuata baba yake kwa sura na ni huruma tu imemwoza. Watu wa Iramba hawakujua mambo ya gulioni. Walinitazama wakingoja nianze. Nilikuwa na maneno. Niliyatunga tangu Esta ana miaka miwili, mengine ni mazuri sana, na nilikaa nayo kimya.

Mughwai alitoka akiwa na suti niliyoishona mwaka jana, goti la kulia limepauka kwa kupiga magoti. Jambo kama hilo nisingeliacha lipite. Alikuja moja kwa moja, akachukua mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akanikalisha kwenye kiti cha mto, kando ya Nathanaeli.

"Karibu sana, ndugu Naftali," akasema. "Umekula?"

"Bado, kaka."

"Watakuletea."

Wakaniletea nyama iliyochaguliwa, na maji ya kunawa, na mtoto wa kunishikia taulo. Mughwai alisimama mbele yangu kitambo, kama mtu anayetafuta neno, nami nikimwangalia usoni nikingoja. Kisha akaitwa kupokea wageni wengine, akaenda.

Nilikula nyama yote. Ilikuwa nzuri. Rahabu alikuja kunichukua kabla ya ngoma kuanza, na njiani akaniuliza mbona nalia mbele za watu.